Yaya Kabedi na Samaki ya Mu Chupa

Ukipita ku soko ya Manika asubui, unasikia kwanza kishindo. Ni yaya yangu, dada yangu mukubwa. Anabeba karto ya tomson, ile samaki ya barafu yenye kila nyumba ya Kolwezi inapika, anainyanyua mpaka ku kifua na kuiachilia chini ku simenti. Barafu inapasuka, samaki inaachana moja moja, na yeye anajipangusa mikono sawa mutu mwenye alimaliza kazi ya heshima. Ni miaka makumi mbili na mbili anafanya vile. Anavaaka triko mbili ya sufu, moja juu ya ingine, hata mu mwezi wa kumi wenye jua inachoma, juu anasema baridi ya samaki ikiingia mu mifupa haitoke tena.

Jina lake Kabedi. Mi ni mudogo yake, Blandine, infirmière ku santre ya afya moja hapa Manika: kupima batu damu, kuchoma shindano, kugombeza benye hawamezi dawa yabo njo kazi yangu. Na mujue mapema, niko na hasira ya karibu. Bagonjwa banaijua, bwana yangu anaijua, na shemeki yangu Muteba, bwana ya Kabedi, anaijua kupita batu bote. Hii habari ni ya Kabedi, lakini bila huyu Muteba hakungekuwa habari, kungekuwa samaki tu.

Baba yetu alitoka Kasai na batumikaji ba kwanza ba mugodi, alizaa batoto sita hapa na alizikwa hapa. Kabedi hakupenda masomo. Alipenda kuuzisha. Akiwa bado kijana alikuwa anapanda treni ya Dilolo kuenda kutafuta makayabo, ile samaki ya chumvi, yenye inatokea upande ya Angola. Siku moja treni ilikufa mu pori, siku mbili nzima. Kijana mumoja mwenye shati ya kupigwa pasi alimwambia: lala, dada, nitakulindia mifuko. Kabedi alilala. Kijana naye alilala. Asubui mufuko moja ulikuwa nusu. Yule kijana njo Muteba Louis. Nilimwambia yaya yangu: mutu mwenye anashindwa kulinda makayabo, atalinda nini? Alinijibu eti alicheka sana mu ile treni, na kwake ilitosha. Baliowana mwaka wenye kufuata.

Nisiseme uwongo, Muteba haiko mutu mubaya. Ni pointeur ku mugodi moja upande wa Mutoshi, kazi yake kuandika nani aliingia, nani alitoka, saa ngapi. Hapigi bibi, hakosi misa, batoto yake bote balisoma. Shida yake ni mudomo. Anapenda neno lake ichekeshe batu, na neno ikisha kuchekesha, hawezi tena kuirudisha. Halafu anapenda michopo, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma ku barabara, na nguruwe, na bia ya kuisukuma.

Mambo ilianza Noeli. Tulikuwa bote kwa Mama Mushiya, dada mukubwa ya Muteba, mwanamuke mwenye akikohoa familia nzima inanyamaza. Kabedi alileta sufuria kubwa ya samaki na nyanya na pilipili, alipika toka asubui. Muteba alisukuma sahani na kidole kimoja. Alisema mbele ya batu bote kama yeye ni mwanaume wa nyama, kama samaki alishiba toka siku ya ndoa, kama akilala anaota mapezi. Batu balicheka mpaka kushika matumbo. Kabedi naye alicheka, lakini meno tu. Mi nilimuona, na nilikula samaki sahani mbili juu ya hasira.

Mwezi wa pili, kampuni ilipeleka batumikaji kupimwa. Munganga alimuonyesha Muteba karatasi na kumwambia mafuta mu damu yake ilipanda mingi, ile banaitaka triglycérides. Apunguze bia, apunguze sukari, aache nguruwe, atembee na miguu, na akule samaki mara mbili ao tatu mu juma. Arudi kisha miezi tatu. Kama haijashuka, bataanza dawa. Muteba alitoka pale na sura ya mutu mwenye balimufukuza kazi. Ugonjwa haukumuogopesha. Kilichomuogopesha ni hii: atafika namna gani ku nyumba, kwa bibi mwenye anauzisha samaki, na kusema, mama, nipatie samaki?

Mutu mwenye akili angesema na kucheka pamoja naye. Lakini banaume beko na akili ya pembeni. Dimanche yenye kufuata, kisha misa, Muteba alimuona Valérie, mama ya koro ya kuimba mwenye anauzishaka bitu ya afya ku mulango ya paruasi, kanisa yetu: chai ya kusafisha figo, unga ya kunenepesha, na chupa ya mafuta ya samaki. Mu ile chupa kuko bidonge bya manjano, laini, byenye kuangaza ukibiweka ku jua. Valérie alimuonyesha karatasi yenye picha ya moyo yenye kuchekelea. Muteba alinunua chupa moja, aliificha mu koti, na siku ya lundi aliifungia mu meza yake ya kazi.

Ku chupa kuliandikwa: mbili kwa siku, pamoja na chakula. Muteba aliangalia kile kidonge, kidogo sawa punje ya muhindi, na alipiga hesabu yake mwenyewe. Alisema, kama hii moja inashika fasi ya samaki moja, ni mwanaume gani anashiba na samaki mbili? Na isitoshe haiko dawa, ni chakula, na chakula haiuwe mutu. Alianza na sita. Kisha juma moja alipandisha kumi na mbili, sita saa sita ya muchana, sita mbele ya kurudi ku nyumba, na zaidi, mara nyingi tumbo tupu. Halafu kila siku alimeza aspirini mbili juu ya mugongo, sababu mugongo wake unaumaka toka zamani. Ile pia kwake haikuwa dawa. Aspirini, alisema, ni ya kila mutu.

Batu bananiulizaka: Kabedi hakusikia harufu? Kila mutu anajua mafuta ya samaki inarudishaka pumuzi ya samaki mu koo, unatoa hewa na ni sawa uko unafungua frigo ya soko. Muteba alikuwa anatoa hewa ya samaki asubui, muchana na mangaribi. Lakini mu nyumba gani? Mu nyumba yenye bibi anarudi na samaki ku triko, ku viatu, ku nywele. Angekuwa bwana ya mwalimu, siri ingevunjika siku ya kwanza. Kwa Kabedi, harufu ile ilikuwa harufu ya kwake.

Kisha tumbo ilianza kumukimbiza. Halafu, mu juma ya ine, damu ilianza kumutoka ku pua. Siku ya kwanza matone, siku ya pili shati yote, akiwa mu musitari wa kuandika batu. Alikuja kwangu ku santre na kitambaa ku uso. Nilimupima malaria, hakuna. Nilimupima tension, muzuri. Nilimuuliza wazi wazi, shemeki, uko unameza dawa yoyote? Alisema hapana. Nilimuuliza mara ya pili, juu mi ni mutu wa kuuliza mara mbili. Alisema hapana, na aliangalia dirisha. Nilimutuma ku hospitali. Kule nako aliulizwa, kule nako alisema hapana. Balipima damu, baliona iko ya kutosha, bakaandika arudi kama inaendelea.

Basi neno ilitoka mu familia: hospitali haikuona kitu. Kwetu ile neno inafunguaka mulango yenye haifai. Siku mbili kisha, Mama Mushiya alishuka ku taxi-moto mbele ya nyumba ya Kabedi, alikatala kiti, alikatala maji, na alisema neno moja: tshibawu.

Kwetu Baluba ya Kasai tshibawu haiko muchezo. Bibi mwenye bwana akilala na mwanaume mungine, ao akipokea kwa mwanaume mungine zawadi yenye haifai, na anyamaze, ugonjwa inaingia mu nyumba. Bwana anakonda, batoto banaugua, na hakuna shindano ya kuponyesha. Dawa ni moja: bibi aseme mbele ya familia, jina na siku, halafu banamaliza na kuku. Asiposema na bwana akufe, damu yake iko ku kichwa cha bibi. Mi nilisoma bijidudu miaka ine, nilipata diplome, na ile neno ikitamkwa mbele yangu mugongo bado inashika baridi.

Na Kabedi alikuwa na kitu. Njo balaa yenyewe. Siku ya Bonana, mwaka mupya, Badibanga, mwenye chumba ya baridi yenye bauzishaji bote ba tomson banaenda kubeba karto, alitoa pagne, kitambaa ya kushona, kwa kila mama mwenye alinunua kwake mwaka nzima. Bamama munane balipata, maua ileile, rangi ileile, ilikuwa kama bako koro ya kanisa. Kabedi alipokea, alishona, alivaa ku misa. Alimuonyesha Muteba, Muteba alikuwa anaangalia mupira, alisema ndiyo, muzuri. Sasa Mama Mushiya alisimama mu kiwanja na kuuliza: ile pagne ya maua, ni mukono ya nani ilikupa?

Yaya yangu, mwenye kupasua barafu ku simenti, alikaa chini mu vumbi. Siku ileile alisema yote: pagne, siku, jina ya Badibanga. Alitoa ile pagne na kuiweka mu mikono ya Mushiya. Balingoja. Asubui Muteba aliamka na damu ku foronya. Mushiya alisema basi kuko kingine chenye Kabedi anaficha. Aliita familia: dimanche, kisha misa ya pili, kwake. Kama Kabedi hataki kutoa kile kimebakia, arudi kwabo.

Ile juma sipendi kuikumbuka. Kabedi aliendelea kuuzisha, lakini kishindo haikusikika. Alikuwa anafungua karto na kisu, pole pole, sawa mutu mwenye anaogopa kuamusha mutoto. Bauzishaji benzake balijua, na bale saba benye pagne ya maua balificha zabo mu masanduku. Muteba yeye alikuwa anakaa kimya, anakula kidogo, anaangalia bibi yake na kuangalia chini. Nilifikiri ni ugonjwa. Nilimuhurumia, Mungu anisamehe.

Siku ya posho, mbele ya ile dimanche, mangaribi nilimukuta Kabedi mu kiwanja anafua triko zake. Hakuinua kichwa.

"Blandine, kesho nitasema nililala na Badibanga."

Nilimuuliza kama ni kweli. Aliniangalia namna yenye sijasahau mpaka leo.

"Ni uwongo. Lakini kweli nilishaijaribu, na damu haikukauka. Nikinyamaza na Muteba akufe, nitaishi namna gani? Nikisema na apone, nitakuwa bibi mubaya mwenye bwana muzima. Nimechagua ile."

Nilimugombeza. Nilimwambia batoto yake batabeba ile jina, bamama ba kanisa batahama benchi, bibi ya Badibanga ataanguka ku soko na fimbo, na Muteba mwenyewe, akipona, atamufukuza. Alisema anajua. Aliendelea kukamua triko mpaka maji ikaisha. Nililia pale, mi mwenye siliake, na yeye njo alinibembeleza.

Dimanche tulikuwa batu kumi na kitu mu salo ya Mama Mushiya. Mukubwa ya familia, Tata Kanyinda, alikaa ku kiti kikubwa. Alikuwa na haraka, juu saa tisa kulikuwa mupira. Kuku nyeupe ilikuwa imefungwa muguu chini ya meza, inadonoa kapeti. Muteba alikaa karibu na dirisha, kitambaa ku mukono. Kabedi alitoa kitambaa cha kichwa, alipiga magoti ku mukeka, na alianza na sauti ya chini, lakini kila mutu alisikia.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, mi Kabedi nilikosa bwana yangu. Mwezi wa kumi na mbili, mi na Badibanga..."

Kiti kilianguka. Muteba alikuwa amesimama.

"Acha, Kabedi. Acha. Haukufanya kitu. Ni mi."

Alitia mukono mu koti na kutoa chupa. Alitoa na karatasi ndogo, yenye kukunjwa mara nyingi. Halafu alisema yote, bila kuchekesha mutu: munganga wa kampuni, mafuta mu damu, Valérie, bidonge kumi na mbili, aspirini mbili. Alisema alificha juu ya haya, sababu alisema mbele ya batu kama yeye ni mwanaume wa nyama. Karatasi ilikuwa ndani ya karto ya chupa, na kule kuliandikwa kama kumeza kupita kipimo, zaidi pamoja na aspirini, inaweza kuleta damu.

Halafu Tata Kanyinda alianza kucheka, pole, mabega inapanda na kushuka. Mama Mushiya alimufuata, aliangusha viatu, alisema mudogo yake aliowa samaki akakimbia samaki, na samaki ikamungoja ku kazi. Nyumba yote ilicheka. Ilikuwa kicheko ya batu benye balibeba mufuko muzito na kuutua. Mutu alifungua kuku muguu, mungine alisema tuipike tu, na bale benye asubui balikuwa banaangalia Kabedi na jicho ya pembeni balimuletea kiti.

Kabedi hakukaa. Alimuuliza bwana yake kitu kimoja tu: ile karatasi aliisoma siku gani?

Muteba alisema mercredi, siku ine nyuma.

Kabedi alifunga kitambaa ku kichwa, alibeba saki yake ya mukono, na aliniambia twende. Tulipanda taxi-moto moja sisi babili. Alilala kwangu.

Lundi asubui, saa moja haijafika, Muteba alikuwa mbele ya santre na chupa yake. Nilimuingiza, nilifunga mulango, na nilimumwagia yote yenye nilikuwa nayo mu tumbo toka Noeli. Kisha kumumaliza, nilimufundisha, juu kazi ni kazi. Nilimwambia mafuta ya samaki haiko mubaya. Ile mafuta inaweza kushusha triglycérides, na kuko banganga benye banaiandikaka kwa kipimo kikubwa, lakini ni munganga anaipima na anakufuata, haiko Valérie na picha ya moyo. Haiponyeshe yote yenye banasemaka ku mulango ya paruasi. Na iko na mambo yake: pumuzi ya samaki, kichefuchefu, kiungulia, tumbo kukimbia, kipimo ikipanda sana, hata moyo kwa batu bengine inaweza kupiga vibaya, na damu inakawia kuganda, zaidi ukiichanganya na aspirini ao na dawa ya kulegeza damu. Mutu mwenye atapasuliwa ao kutolewa jino aseme mapema. Mutu mwenye munganga anamuuliza unameza nini, aseme yote, hata chai, hata kitu ananunua kanisani, hata kile anaita chakula.

Aliniuliza kama atakufa. Nilimwambia hapana, kwa bahati mbaya. Niliita munganga wetu, alimuangalia, alimusimamisha bidonge na aspirini, alimupa dawa ingine ya mugongo, na alimurudilia maneno ya yule munganga wa kwanza: miguu, bia kidogo, na samaki mu sahani. Kisha siku chache pua ilikauka kabisa. Niliipeleka habari kwa Kabedi ku nyumba. Alisema, asante Mungu. Hakuuliza kingine, na alilala kwangu tena.

Posho yenye kufuata, Muteba alikuja ku soko. Nilikuwa pale, nilifika kununua samaki na, niseme kweli, nilikuwa na matusi tayari kama atakosea neno. Alikuja na koti yake muzuri na meno inje. Alifikiri kicheko ya ile dimanche ilimaliza mambo, juu mu familia yabo kitu ikisha kuchekwa imekufa. Alisalimia bamama ba musitari wote. Alimuonyesha Kabedi pua yake, huku na huku, kavu. Kabedi alikuwa anafungia mama mumoja tomson tano mu mufuko, na aliendelea kufunga.

Muteba alingoja ile mama aende. Halafu sauti yake ilishuka.

"Kweli ungesema ile neno? Ungesema ulilala naye?"

"Ningesema."

"Na ilikuwa uwongo."

"Uwongo mutupu. Nilikuwa tayari kupoteza jina yangu juu upone. Weye ulikuwa na kweli mu mufuko siku ine, Louis, na uliogopa nitakucheka."

Hakusema na sauti kubwa. Lakini bamama bale benye mudomo baliangalia samaki yabo sawa ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Muteba alirudi nyuma hatua moja, alikaa ku karto tupu yenye kulowana, na koti yake muzuri, na alilia. Hakuficha uso. Matusi yangu yote ilinipotea. Nilibakia pale na mufuko mutupu mu mukono.

Kabedi hakumugusa. Aliuzisha kwa mama mumoja, na kwa mungine, alirudisha franga, aliuliza habari ya batoto. Halafu alikuja mama mwenye alitaka samaki yake itolewe matumbo. Kabedi alihesabu samaki sita mu beseni, aliweka kisu juu, na alisukuma beseni mbele ya bwana yake.

"Toa koti," alimwambia. "Anza na hizi. Kata hapa chini, usiguse nyongo."

Alitoa koti. Ya kwanza aliiharibu, ya pili pia, na Kabedi alimuonyesha mara moja tu, na kidole, bila kusema. Jua ilipanda, barafu ilianza kuyeyuka chini ya meza, bamama balikuja na kupita na baliangalia yule mwanaume mwenye shati ya kupigwa pasi na magamba mpaka ku biwiko. Muteba hakuchekesha mutu. Alibakia pale mpaka samaki yote ikaisha.